Petroli Iliyobaki Mlangoni kwa Bi Sharifa

Nakumbuka Ijumaa moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wa Dubai wa siku za baridi, unaofunika majumba marefu yote mpaka unajiuliza kama mji bado upo. Nilikuwa kijana, dereva wa nyumba huko Mirdif, na nilikuwa na nywele kichwa kizima. Usicheke. Nilikuwa nazo.

Nyumba ilikuwa ya Bi Zuwena, bibi wa Kiarabu aliyezaliwa Unguja na kulelewa Unguja. Kiswahili chake kilinishinda mimi mtoto wa Mombasa. Siku ya kwanza nilimwita madam, kama tunavyowaita waajiri wote huku, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Miye madam wa nani?" akasema. "Niite bibi, au nyamaza." Nikamwita bibi mpaka Mungu alipomchukua.

Mle gerejini, kando ya magari makubwa ya mwanawe, kulikuwa na gari la marehemu baba yake bibi. Gari la zamani za kale, mwanangu, la wakati magari yenyewe ndiyo kwanza yanajifunza kutembea. Mumewe alilitafuta Unguja nzima mpaka akalipata kwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, akalipakia melini, akamletea mkewe. Viti vyake vilinuka mbata hata baada ya miaka yote hiyo. Halikuwa na ufunguo wa kuwashia, ulilizungusha kwa hendeli mbele. Chini ya usukani lilikuwa na vijiti viwili. Cha kulia kilikuwa cha kuongeza petroli. Cha kushoto kiliamua cheche ipige lini ndani ya injini, mapema au kwa kuchelewa. Leo kompyuta inawafanyia kazi hiyo nanyi hamjui hata kama ipo. Enzi zile ilikuwa kazi ya mkono na sikio.

Na lilikuwa likinywa petroli, loo! Tangi lenyewe limeoza nusu ya juu, hulijazi likapita kati. Barabara kuu hatukuruhusiwa, kwa mwendo wetu ule wa punda, basi tulipita njia za nyuma, za mchanga na upepo, ambako siku hizo hukuti pampu hata moja.

Utauliza kwa nini tusitumie gari jingine. Swali zuri. Sababu ilikuwa Bi Sharifa.

Bi Sharifa alikuwa dada mkubwa wa Bi Zuwena. Aliishi na wajukuu zake mbali, upande wa kuelekea Jebel Ali, na akili yake ilikuwa imekwenda zake. Hakumjua mtu yeyote. Umpe chai, umvishe, umwite jina, anakutazama tu. Lakini gari lile likinguruma langoni kwake, alikuwa anasimama mwenyewe, anajitanda kanga, anapiga kelele kama msichana: "Zuwena! Baba karudi!" Na kwa muda, mwanangu, alikuwa anarudi na yeye. Anamjua mdogo wake, wanashikana mikono, wanacheka mambo ya mtaani kwao. Sauti ikizimika, naye taratibu anaondoka tena. Kila Ijumaa asubuhi Bi Zuwena alikwenda kumchukua dada yake huko alikopotelea, na gari lile ndilo lililokuwa njia pekee.

Mwana wa Bi Zuwena aliitwa Nasser. Huyo nilimwita sir, na hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na upendo wake ulikuwa wa amri. Mara ya mwisho petroli ilituishia mchangani, bibi akakaa juani mpaka akaugua, na Nasser hakulisahau hilo. Akakataza kabisa dumu la petroli kuwekwa ndani ya gari alimokaa mama yake. Kisha akaleta habari ya mtu anayetaka kulinunua.

"Mama, khalas, imetosha," alisema kwa Kiarabu chake. "Utapanda gari la maana, lenye kiyoyozi."

"Gari la maana halina sauti ya baba."

"Basi nipe Ijumaa moja. Nitakaa nyuma mwenyewe. Likienda na kurudi kwa petroli yake, litabaki. Likizima njiani, linauzwa."

Bi Zuwena hakubishana. Alinigeukia mimi tu, akasema, "Umesikia." Gari likiuzwa, yule dada hatarudi tena, na kazi ya kulifikisha nilikuwa nimepewa mimi.

Sasa mimi nilijiona fundi. Nilikuwa nimefungua injini Mombasa, nimefungua injini Deira hapa mjini, nikajua kubana petroli ni jambo dogo: uipe kidogo. Nikaikaza skrubu ya kabureta mpaka petroli ikapita kwa kudonoa. Kisha nikaona kuna kibati kimezungushwa kwenye bomba la moshi, kinachukua hewa ya moto na kuipeleka kwenye kabureta. Nikashangaa. Dubai hii, ambako watu wote twapigana na joto, nani anaipelekea injini joto zaidi? Nikaking'oa nikakitupa pembeni. Kila mtu wa huku angefanya vile vile, nakuapia.

Alhamisi asubuhi nikalitoa kulijaribu mitaa ya jirani. Likakohoa. Likapiga chafya kwenye kabureta. Nikavuta kijiti cha petroli mpaka mwisho ndipo likajikokota, na maji ya rejeta yakaanza kutokota. Niliporudi langoni Bi Zuwena alikuwa amesimama hapo na ndara zake, uso umebadilika.

"Umeufanya nini mtambo wa baba yangu?"

"Naupunguzia petroli, bibi, ili ifike."

"Unaunyima chakula, halafu unautaka kazi." Akakaa kwenye ubao wa kukanyagia, akashusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Baba yangu alikuwa bahili, Unguja nzima ikimjua. Chumvi alikuwa akiihesabu punje. Lakini mtambo huu hakuunyima hata siku moja. Alikuwa akitafuta tu pale petroli inapopotea. Kile kibati kiko wapi?"

Nikakiokota, nikakipangusa kwa shati langu kwa aibu. Akanieleza, si kwa maneno ya shule bali kwa yale aliyoyaona akiwa mtoto mapajani mwa baba yake, mkono wake mdogo juu ya kijiti cha kushoto. Asubuhi ya baridi petroli huingia ndani ingali matone, nusu haiungui, inatoka na moshi. Ukiipashia hewa moto, inakuwa mvuke na inaungua yote. Cheche ikichelewa, moto unamalizikia kwenye bomba la moshi, nawe unalipasha joto jangwa la watu. Ipeleke mbele mpaka usikie injini inagonga, kisha irudishe kidogo, hapo hapo, uiache. Tairi zijazwe upepo sawasawa. Breki zisibane gurudumu. Na kwenye mteremko, funga petroli, mwachie Mungu akusukume. Skrubu ile akanifungulisha yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha anasikiliza, mpaka mngurumo ukawa laini na mzito. "Sasa amekula," akasema, "na hakushiba kupita kiasi."

Basi Ijumaa ikafika, na ukungu ule. Nasser nyuma na kandura yake nyeupe, kanzu ya Waarabu wa huku, na simu mkononi, bibi kando yangu, mkono wake juu ya kijiti cha kushoto. Mimi nilishika usukani na petroli, yeye alishika moto. Tukatoka Mirdif taa za barabarani zingali zinawaka, kila moja na duara lake la rangi ya maziwa.

Ewe mwanangu, safari ile sijaisahau. Nyuma ya majumba ya mwisho hapakuwa na kitu tena, mbingu na mchanga rangi moja, na sisi katikati tunaelea. Ngamia walitokea ukunguni wakatutazama, wakaingia tena. Sikuiona Dubai, sikuiona hata mbele ya gari vizuri. Nilisikia injini tu, na kila ilipobadilika kidogo mkono wa bibi ulisogea bila yeye kutazama. Kwenye kilima anakirudisha kijiti nyuma, tukishafika juu anakipeleka mbele, nami nafunga petroli tunateremka kimya, upepo tu masikioni. Nikamsikia anaimba ndani ya koo lake. Nikajua yeye hayupo Dubai asubuhi ile, yupo na baba yake, na mimi nimeazimwa kile kiti kwa muda. Hata Nasser aliweka simu mfukoni.

Tulipofika langoni kwa Bi Sharifa nilichovya kijiti cha mbao tangini, kama ilivyokuwa kawaida. Nikakipeleka kwa Nasser kwa fahari. Petroli ya kurudia ilikuwepo na ya kubakia pia. Alikitazama, akakunja uso, akaitikia kwa kichwa. "Zima basi," akasema, "usiipoteze."

Kabla sijanyoosha mkono, mlango ukafunguliwa.

Bi Sharifa alisimama pale kizingitini, kanga begani, miguu mitupu kwenye marumaru baridi. "Zuwena! Baba karudi!" Akashuka ngazi bila kushikwa. Lakini siku ile hakwenda kwa Zuwena. Alimwona Nasser anashuka nyuma, mrefu, mweupe ndani ya ukungu, akamwendea moja kwa moja akamshika kandura kwa mikono miwili.

"Baba," akamwambia, "umechelewa. Mimi nilikuwa nakungoja."

Huyu shangazi, samahani, huyu mama yake mkubwa, hakuwa amemtambua Nasser kwa miaka. Nasser aliacha kuja kwa sababu hiyo, alikuja kuniambia baadaye, hakuweza kustahimili kutazamwa kama ukuta. Nilimwona anamtazama mama yake. Ndipo mtu yule wa amri akapiga magoti pale kwenye changarawe, akamjibu kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia akikisema.

"Nimekuja, mwanangu. Nisamehe. Njia ilikuwa ndefu."

Bi Sharifa akacheka, akampapasa ndevu, akaanza kumsimulia. Paka amezaa. Zuwena amevunja kikombe, asimpige. Nasser anaitikia, ee mwanangu, ee mwanangu, machozi yanamdondoka. Mimi nilisogeza mkono kuzima injini, maana niliona tangi letu linamalizika bure huku tumesimama. Nasser akaniinulia kiganja bila kugeuka.

"Usizime," akasema. "Yalla, iache. Usizime."

Nikaiacha. Injini ikanguruma pale langoni, tumesimama, petroli niliyoichunga tone kwa tone inakwenda, na wale watatu wamekaa kwenye ngazi wanaongea mpaka jua likaula ukungu wote. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na furaha, sikujua kipi nikishike. Mara moja Bi Zuwena alinitazama kwa mbali. Alijua hesabu kama nilivyoijua mimi, naye hakusema nizime.

Tulirudi kwa ujuzi wetu wote. Tukaiba kila mteremko. Na bado, tukiwa tumeshaingia Mirdif, nyumba tunaiona, injini ikakata pumzi na gari likasimama. Mimi nilitazama usukani, sikuthubutu kugeuka nyuma, maana ahadi ilikuwa ahadi, na tulikuwa tumeishiwa mbele ya macho yake.

Nikasikia mlango wa nyuma. Nikasikia viatu vya ngozi vinatupwa ndani ya gari. Nasser alikunja kandura yake kiunoni, akaweka mabega nyuma ya gari la babu yake, akasukuma. Majirani wakatoka kuangalia, madereva wa watu wakatoka, wengine wakaja kumsaidia akawafukuza. Akasukuma peke yake mpaka ndani ya geti, jasho linamtiririka.

"Yule mnunuzi?" mama yake akamuuliza.

"Mnunuzi gani?" akasema Nasser, akaenda kuoga awahi sala ya Ijumaa.

Kuanzia wiki ile yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yake, na mimi nikakaa nyuma.

Basi, mwanangu, nakuambia kwa nini nimekumbuka. Naona nyinyi vijana mliokuja huku mnavyojibana, na sikulaumuni, mmekuja kutafuta. Lakini mnajibana kama nilivyoibana kabureta ile. Mtu anajinyima chakula na usingizi, simu ya mama anaikata haraka, likizo anaisogeza mwaka hadi mwaka, halafu anashangaa roho inakohoa. Usijinyime kinachokulisha. Tafuta kinachopotelea kwenye moshi, kukesha na simu, ugomvi, kushindana na wenzako kwa viatu, hicho ndicho ukibane, na ukibane kwa ukali.

Na ukishaweka akiba, ujue akiba ni ya nini. Sisi tulichunga njia nzima ili tuwe na cha kumwaga pale mlangoni. Mtu wako akija kukushika nguo akakwambia umechelewa, usihesabu, usitazame tangi. Mwache aongee. Ukiishiwa karibu na nyumbani, utasukuma, na kusukuma hakuui mtu.

Nenda sasa kapumzike, kesho una zamu. Mungu akupe riziki pana na moyo mpana zaidi yake, akuhifadhie wazazi wako mpaka uwaone kwa macho, na wakikuita, wakukute bado unayo ya kuwapa. Amin, mwanangu. Amin.