Shetani Nje, Heri Ndani

Mimi Dubai nimetukanwa kwa lugha nne, na zote nimezijibu kimoyomoyo kwa Kiswahili cha Tanga. Lakini kuitwa shetani niliitwa kwa Kiswahili chetu hichi hichi, na aliyeniita ni mtoto niliyemlea tangu hajatimiza arubaini. Tena maneno yenyewe nilimfundisha mimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo pole zenu kaeni nazo, nisikilizeni tu.

Madam na sir, mabosi niliowafanyia kazi ya yaya, walikuwa watu wa Sham, Waarabu wa Syria. Sir ana ghala bandarini Jebel Ali, analeta vipuri vya magari kutoka Japani, na kila mwaka lazima aende huko kuonana na wenzake wa biashara. Mwaka huo akasema twende sote, tukaone theluji. Mimi niende kwa ajili ya mtoto. Alikuwa na miaka minne, hali mpaka nimlishe mimi, halali mpaka nimkune mgongo, na akiota, anaota kwa Kiswahili. Hilo la kuota ndilo lililoniponza. Madam alimsikia akiongea usingizini, asubuhi akanifuata jikoni. "Kuanzia leo," akaniambia, "Kiingereza tu na yeye." Nikasema yes madam. Nitasema nini?

Viza yangu ilikuwa inakwisha tukisharudi. Nikamuuliza madam kama ataniongezea. Akapangusa meza niliyokwisha kuipangusa, akasema, "Tutaongea tukirudi." Jamani, mtu akikwambia tutaongea, ujue yeye ameshaongea. Nikaingia safari ile sijui kama napelekwa kustarehe au napelekwa kumuaga yule mtoto.

Rafiki yangu Mganda, mlinzi, tuliyekuwa tukigawana chumba Al Nahda siku zangu za mapumziko, ndiye aliyenipeleka madukani Satwa kutafuta koti. Tukapata la mtumba, la kiume, mikono inafika magotini, fundi akaipunguza hapo hapo. "Sasa unakaa kama mlinzi," akanicheka. "Wakikufukuza kwa mtoto, utakuja kwangu tusimame geti moja." Nilimsonya. Utani wake siku ile ulinichoma, na yeye aliona, maana alininunulia chai bila kuombwa.

Nisiseme uongo, Japani nilifurahi. Tulifika kwenye kijiji cha milimani, nyumba ya wageni ya mbao, mwenyewe ni bibi mmoja mfupi, mgongo umepinda, anacheka na kila mtu. Viatu vinavuliwa mlangoni kama kwetu. Ndani kuna mikeka, na juu ya mkeka meza fupi iliyovishwa blanketi nene, chini yake kuna moto wa umeme. Unaingiza miguu humo, unamenya machenza, unatazama theluji inavyoanguka nje. Machenza! Mimi mtu wa Muheza, kwenye mashamba ya machungwa na machenza, nimekwenda mpaka mwisho wa dunia kula machenza. Nilikula mpaka vidole vikageuka rangi.

Theluji yenyewe, loo! Mtoto alipoiona asubuhi ya kwanza aliniangalia kwanza mimi, kama anaomba ruhusa. Tulipanda kijilima nyuma ya nyumba, bibi akatupa sinia la plastiki lenye kamba, tukakaa wawili, mimi nyuma yeye mbele, tukashuka. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Tukapanda tena. Watoto wa kijiji walikuwa wamechimba kibanda ndani ya lundo la theluji, humo wameweka jiko la mkaa, wanachoma vipande vya mchele uliotwangwa, ukiuma vinavutika kama ubani wa kutafuna. Walitukaribisha. Tulikaa mle tumebanana, baridi mgongoni, mkaa usoni, na mtoto akaniegemea akasema, "Dada, tuhamie hapa." Nikamjibu kwa Kiingereza. Akanitazama kama mtu aliyepewa chakula kibovu.

Siku ya pili yake akaanguka. Alikuwa anakimbia kwenda kwa mama yake, akateleza, akagonga goti. Madam ndiye aliyekuwa karibu, akamnyooshea mikono. Mtoto akausukuma mkono wa mama yake, akapiga kelele, "Dada! Dada nimeanguka!" Nilikuwa mbali, nikaja mbio na koti langu la kiume, nikamnyanyua. Madam alibaki amechuchumaa kwenye theluji, mikono bado iko mbele. Nilimwonea huruma, Wallahi. Na ndani yangu kuna kitu kilifurahi, na hicho nacho nakisema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata anayemwosha na kumlisha anaujua kidogo.

Jioni ile ilikuwa ni sikukuu yao ya kuuaga msimu wa baridi. Bibi akaja na kisanduku cha mbao kimejaa maharage ya soya yaliyokaangwa, na kinyago chekundu chenye pembe mbili na meno nje. Sir, ambaye Kijapani anakijua kidogo, akatueleza: mtu mmoja wa nyumba anavaa sura ya shetani, wengine wanamtupia maharage mpaka anatoka nje, kisha kila mtu anakula maharage kwa hesabu ya miaka yake, mwaka mzima nyumba inakuwa na heri. Kawaida baba ndiye anayevaa. Lakini simu ya sir ikalia, kontena limekwama Jebel Ali, akageukia ukutani akaanza kufoka.

Madam akanipa kinyago. "Vaa wewe. Yalla, mtoto atafurahi."

Toba! Ilikuwa magharibi. Kwetu saa hiyo watoto wanaitwa ndani, na huyo mwenye pembe hatajwi hata jina. Mimi nimvae! Nilitaka kukataa. Lakini viza ilikuwa haijazungumzwa, na mtu ambaye viza yake haijazungumzwa hachagui. Nikapiga bismillahi mara kadhaa, nikajifunga kinyago, nikaanza kunguruma.

Bibi akawafundisha maneno kwa lugha yao. Mtoto hakuelewa. Kashika maharage, anatazama huku na huku, kidogo alie. Kisha akauliza, "Dada, bibi anasema nini?" Hakujua niko wapi, aliuliza tu hewani. Na mimi, ndani ya kinyago, nikajisahau. Nikamjibu, "Sema: shetani nje, heri ndani."

Weee! Yule mtoto alipata nguvu sijui wapi. "Shetani nje! Heri ndani! Shetani nje!" Kiswahili kimejaa nyumba nzima ya Wajapani. Bibi anapiga makofi. Hata sir aligeuka na simu yake akacheka. Madam hakucheka. Alichota konzi ya maharage, akanitupia. Akachota tena. Ya mtoto yalikuwa yananigusa tu, ya madam yaliuma. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikatoka, mlango ukaburutwa ukafungwa.

Nikasimama nje. Nimevaa soksi na ndala za nyumba, koti liko ndani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Katika nyumba ile ya Dubai sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba wakiwa sebuleni siingii mpaka niitwe. Miaka yote minne nimesimama nyuma ya milango na sinia mkononi nikingoja jina langu. Kwa hiyo na pale niliona ni hivyo hivyo: nimetolewa, nitaitwa. Nikangoja. Nawasikia wanacheka, nasikia vikombe. Theluji inanijaa begani. Miguu ikaanza kuuma, kisha ikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Na bado sikugonga. Nikawa najiambia, mzaha mzaha hutumbua usaha, huenda ndiyo nimetolewa hivyo, ndilo jibu la viza hilo.

Aliyefungua ni bibi, anatoka kumwaga maji. Aliniona akapiga ukelele. Akanivuta ndani, akaning'oa kinyago, akanisugua mikono huku anamwaga maneno, akanisukuma chini ya ile meza ya blanketi mpaka kifuani. Sir akatafsiri, uso umemshuka. Bibi alikuwa anasema shetani haitwi na mtu. Anavua sura yake hapo hapo nje, anaingia mwenyewe akiwa mtu wa nyumba, anakula maharage na wenzake. Kila mwaka ni hivyo. Nani alimwambia huyu angoje?

Madam alitazama machenza. Mtoto akaja akaniingia mapajani. "Dada, kumbe ulikuwa wewe! Mbona hukuingia?"

"Mimi siingii mpaka niitwe, mamangu."

Akafikiri. "Basi nitakuita mimi."

Na kweli akaniita. Kila jioni iliyobaki tulicheza hivyo hivyo: ananitupia maharage, natoka, yeye anafunga mlango, anangoja kidogo, anapaza sauti, "Dada, sasa ingia!" Naingia, ananirukia, tunakula maharage. Tuliporudi Dubai akauhamishia mchezo kule. Alichota dengu za jikoni, nikitoka kutupa taka napigwa nazo mgongoni, nikirudi nasubiri kwenye korido mpaka aniite. Nilikuwa nafagia dengu chini ya makochi kila siku, na sikuwahi kumkanya hata mara moja.

Madam aliniita wiki ile ile ya kurudi. Alinikaribisha nikae, nikajua khalas, yamekwisha. Alisema mtoto anaanza shule, anahitaji Kiingereza, yaya mwingine ameshapatikana. Alisema kwa upole. Kisha upole ukamwisha, akalia. "Ana miaka minne," alisema, "na akiumia haniiti mimi." Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali tangu Japani, nimeyanoa kama kisu cha nyama. Yote yalinitoka kichwani. Nilisema, "Akilala mkune mgongo, madam, upande wa kushoto. Atalala." Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye simu yake.

Alinitaka jambo moja tu, nisimuage mtoto. Atalia, alisema, itakuwa vurugu. Niondoke akiwa anaangalia katuni.

Siku ya kuondoka nikabeba sanduku langu na koti la Satwa. Rafiki yangu Mganda alikuwa chini na teksi. Nimefika mlangoni, nasikia vijiguu. Mtoto amesimama sebuleni, ananiangalia, anaangalia sanduku. Nikasema sasa ataangua kilio. Lakini uso wake ukachangamka wote. Akakimbia jikoni, akarudi konzi zote mbili zimejaa dengu.

"Shetani nje!" akapiga kelele, anacheka mpaka anayumba. "Heri ndani! Shetani nje, Dada!"

Dengu zikanipiga kifuani, zikaruka sakafuni. Nikarudi kinyumenyume kama tulivyozoea, naburuta sanduku, na nikanguruma. Ndiyo, nilinguruma, ningefanya nini? Sauti ilitoka imepasuka, na yeye akacheka zaidi. Nikavuka kizingiti. Madam, macho mekundu, akafunga mlango. Nikasikia kufuli likizungushwa.

Lifti ikaja, ikafunguka, ikajifunga, ikaenda. Mimi nimesimama pale kwenye zulia la korido. Ndani kimya kidogo. Nilikijua kimya kile, ndiko kungoja kwake kabla ya kuniita.

"Dada, sasa ingia!"

Nikaziba mdomo kwa mkono wa koti.

"Dada! Nimekuita! Ingia!" Akagonga kwa kiganja, chini kabisa, usawa wa kimo chake. Nikamsikia madam akisema kitu kwa sauti ndogo, na mtoto akimjibu kwa Kiswahili, kwa hasira, kwamba Dada haingii mpaka aitwe, ndiyo maana anamwita. Kisha akaniita tena, safari hii kwa nguvu zake zote. Ufunguo wangu nilikuwa nimeshaukabidhi asubuhi.