Saumu ya Alama Ishirini

Chuo changu cha Biblia kiko bara, mimi niko Faza, kisiwani, na kati yetu kuna bahari, msitu na mtandao unaokuja na kuondoka upendavyo. Nasoma stashahada kwa simu. Asubuhi nafundisha hisabati shule ya msingi, jioni napanda juu ya paa la nyumba niliyopanga, nanyoosha mkono wenye simu hewani, na mihadhara inanidondokea vipande vipande. Manabii wadogo niliwasoma hivyo, kila mmoja nusu, na katika mtihani niliwajibia kila mmoja nusu.

Muhula ule tulikuwa kwenye Mahubiri ya Mlimani. Tulipofika habari za kufunga, mhadhiri akatupa kazi ya vitendo: kila mwanafunzi afunge siku tatu, alfajiri hadi magharibi, kwa alama ishirini. Ushahidi uwe insha, picha tatu za mwanafunzi akiwa amefunga, na fomu iliyotiwa saini na mzee wa kanisa lake. Nikalirudia andiko lenyewe. Pale Yesu anataka anayefunga anawe uso, ajipake mafuta, na mtu yeyote asijue. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama hizo picha si ndizo zenyewe tunazokatazwa. Mhadhiri akajibu kwamba tusichanganye tafsiri na tathmini. Wanafunzi wenzangu wakamwekea vile vikono vya makofi.

Nilijaribu kupiga hizo picha. Katika ya kwanza nilitoka kama mtu anayengojea majibu ya malaria. Katika ya pili nilitabasamu, nikaonekana nimeshiba wali. Ya tatu niliiahirisha.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi iliangukia katikati ya Ramadhani, nami nikafurahi. Mkristo haambiwi Faza kwamba asile mchana wa Ramadhani. Ila mikahawa imefungwa, na hakuna mwenye haya atakayetafuna mbele ya mtu aliyefunga. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilikuwa nimejifunza kula kwa kujificha. Dirisha nafunga, kitunguu nakaanga kwa moto mdogo, kijiko nakilaza sahanini taratibu kisilie. Wenzangu walikuwa na shida ya kufunga kwa siri, mimi nilikuwa bingwa wa kula kwa siri. Nikaona mwezi huo kufunga kutanipunguzia kazi.

Jumatatu nikafunga. Adhuhuri Bi mwenye nyumba akapanda ngazi. Bi anakaa chini na binti zake wawili, ni mjane, magoti yanamsumbua, na hapandi juu bila sababu.

"Mwalimu, kwema? Kikaango chako sikukisikia tangu yana. Una maradhi?"

Kumbe miaka yote ile alikuwa akikisikia. Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusingizia tumbo, lakini kusema uongo ukiwa umefunga ni kujitesa bure, na katika hilo dini zetu mbili hazina ugomvi.

"Nimefunga, Bi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umefunga? Mashaallah!" Akashuka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwahi kunionyesha. Nikamwita nimweleze kuwa ni kazi ya chuo, lakini alikuwa ameshafika kwa jirani.

Magharibi sahani zikaanza kupanda. Mkate wa sinia, viazi vya nazi, samaki wa kupaka, kaimati, tambi za sukari. Jirani alileta na mtandio mweupe, mpya, akauliza ni jina gani la Kiislamu nitakalolipenda. Nikamweleza habari za chuo, mhadhiri na alama ishirini. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza bibi arusi mwenye haya, akanihakikishia kwamba kila mtu huanza na sababu yake.

Sasa niwaeleze kuhusu ushirika wetu. Wakristo tuliokuwa tukikutana Jumapili katika darasa la nne tulikuwa wachache, wote watumishi waliohamishiwa kisiwani. Tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mratibu wa maombi. Muumini wa kawaida nilikuwa mimi peke yangu. Mwenyekiti, ambaye ndiye mzee wa kanisa wa kunitilia saini, alikuwa sajini wa polisi, mtu mnyoofu, mzito wa kucheka, anayesali kama anayesoma mashtaka. Habari zilimfikia Jumanne asubuhi sokoni, zikiwa tayari na jina langu jipya.

Jioni hiyo Bi alikataa nifuturu juu peke yangu. Nikawa nimeketi mkekani kwake na binti zake, sahani ya kaimati katikati yetu, ule mtandio nimejitanda, maana kukataa kuvaa zawadi niliona ni utovu wa adabu. Adhana ikalia. Nikaweka tende mdomoni. Nilipoinua macho nikamwona sajini amesimama mlangoni, nyuma yake katibu wetu, ambaye ni muuguzi, na mweka hazina. Ile picha yangu ya tatu ingepatikana pale.

"Bwana asifiwe," akasema sajini.

Tende ilikuwa kubwa. Sikuweza kuitikia, na nikaona usoni pake kwamba ukimya wangu umeingizwa kwenye ushahidi.

"Mwalimu, hii saumu ni ya nani?"

"Ya chuo," nikasema nilipoweza.

Akasema fomu hataitia saini. Akasema tena atampigia mchungaji wetu wa Amu aiondoe barua ya kunitambulisha, ambayo chuo huitaka kila mwaka. Bila barua ile sina nafasi chuoni, na nilibakiwa na mwaka mmoja tu. Niliumia, sitaficha. Tangu utoto nimesomewa Biblia na watu waliopaza sauti kila walipofika mahali wasipopaelewa. Nilitaka niisome mwenyewe, polepole, niielewe, na nilikuwa nimeukaribia mwisho.

Wakaondoka. Bi alikuwa amesikia yote.

"Kwani husilimu?"

"Sisilimu, Bi. Nilisema ni masomo."

"Nami nishamwambia ndugu yangu wa Kizingitini!" Alikasirika kwelikweli. Alizikusanya sahani kwa kishindo, akamkemea binti ambaye hakufanya lolote, akaingia jikoni. Nikabaki mkekani sijui niondoke au nikae. Baada ya muda sauti ikatoka huko ndani, bado ina hasira. "Na kesho wafunga?"

"Nafunga."

"Haya. Usichelewe kushuka, ukae ukifa ndaa huko juu."

Jumatano kamati iliketi. Shule hufungwa mapema mwezi ule, wanafunzi walishakwenda makwao, na adhuhuri nikaitwa darasa la nne. Sajini alikuwa ameweka juu ya dawati chapati moja iliyofungwa katika karatasi ya foili.

"Kamati imeketi," akasema. "Hatutaki kukuhukumu. Ule hii mbele yetu, tujue uko upande gani. Ukimaliza, natia saini."

"Na fomu itasema nini?"

"Kwamba umefunga siku tatu."

"Pamoja na leo?"

Akafikiri. "Mwalimu, hesabu tuiache kwanza."

Kisha akainuka, akafunga dirisha moja baada ya jingine na kukomea mlango, maana hata yeye, na sare zake zote, asingethubutu kuonekana na chapati mchana ule. Ushuhuda wangu wa hadharani ulitakiwa kufanyika gizani. Tukakaa, jasho likitutoka, tukaitazama chapati. Ilikuwa imepikwa vizuri, na nilikuwa na njaa.

"Tuombee chakula kwanza," nikasema.

Hakuna Mkristo anayeweza kulikataa hilo. Wote wakafumba macho. Kwetu kanisani, mtu akitaka kumwambia mwenzake ukweli bila kukatizwa, humwambia Mungu kwa sauti kubwa na mwenzake akiwa karibu. Nikaanza kwa kumshukuru Mungu kwa unga. Nilikusudia kuwachoma kidogo tu, niwatanie, wafungue madirisha. Lakini sauti ikanibadilikia mdomoni.

"Bwana, unajua hawa ndio ndugu nilio nao hapa. Mwaka jana nilipougua, uji uliletwa na mama wa nyumba ya chini. Ndugu zangu walinitumia andiko kwa simu. Juzi nilipofunga, hakuna aliyekuja kuuliza kama nina nguvu. Jana nilipokula, wamekuja watatu. Nimeumia, Bwana. Unajua mimi ni wako, na wao wanajua. Kama hii chapati ndiyo itakayonirudishia ndugu, basi nisaidie kuimeza, kwa maana kooni haipiti. Amina."

Muuguzi akaitikia amina kwa sauti ya kukwaruza. Mweka hazina akafuata. Sajini alichelewa, lakini maombi hayaachwi yananing'inia, na mwishowe naye akasema amina.

Nilifumbua macho nikiwa tayari kwa ugomvi. Alikuwa anaifunga chapati tena katika karatasi yake, pembe kwa pembe. Akaivuta fomu, akatia saini, akabaki ameinamia dawati la watoto lililokuwa dogo mno kwake.

"Mwalimu, nina miaka minne Faza," akasema. "Mlango wangu ukigongwa, ujue kuna mtu amepigwa au mashine ya boti imeibwa. Sijawahi kuletewa sahani."

Nilikuwa na maneno makali yamebaki, nikayaacha. Mpaka dakika ile nilidhani nimekasirikiwa kwa ajili ya imani. Sasa nilimwona upya alivyosimama mlangoni kwa Bi jana yake, buti zake nje ya mkeka, akitutazama tukila.

"Zile kaimati," akauliza, bado hajainua uso, "zina iliki?"

"Zina iliki. Njoo leo magharibi."

"Nitamwambia nini yule mama?"

"Mwambie una njaa," nikasema.