Kitabu Kilichozikwa Kibiti

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuizuia Rufiji isiile Amerika. Nje kidogo ya Kibiti, juu ya kilima, aliishi Mwingereza mmoja aliyestaafu kazi ya misitu serikalini. Alikuwa na chumba kizima cha vitabu vikuukuu vinavyoeleza jinsi Waingereza wa kale walivyovuka bahari na kuanzisha makazi Amerika. Alivirithi kutoka kwa babu yake. Kwa maneno yake, vingine vilikuwa vimebaki viwili au vitatu tu duniani kote, na yeye akaja kuviweka mahali ambapo kiatu kisipovaliwa juma moja huota ukungu. Sikumuuliza kwa nini. Nilihitaji kazi.

Mimi ni mtoto wa visiwani, deltani, kwa watu wanaokata mikoko. Nilisoma mpaka darasa la nane, mwandiko wangu ukasifiwa, na Kiingereza changu kilitosha kusoma kitabu bila kumsumbua mtu. Bwana alinipa cheo cha mtunza vitabu, koti jeupe na brashi laini. Kila asubuhi ya jua kavu nilitoa vitabu kumi kumi barazani, nikavisimamisha wazi juu ya meza vipate hewa, nikapangusa ukungu na kutafuta wadudu kwenye mishono. Miguu ya makabati ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa kwa ajili ya mchwa. Sheria zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala: mikono huoshwa, kidole hakilambwi, kitabu hakiwekwi sakafuni.

Nilivisoma pia, maana hakuna aliyenikataza. Humo nilikuta watu wameshuka pwani yenye matope na mbu, kwenye mdomo wa mto, hawajui kulima wala kuvua. Wenyeji wakawapa mahindi. Wakala, wakapona, kisha wakajaza kurasa wakilalamika kwamba wenyeji ni wavivu. Siku moja nilimsimulia mpishi wetu, mtu wa Chumbi aliyelima mahindi tangu utotoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao watu ndio waliokuja kuhamia boma la Utete. Nikamwambia hapana, ni wengine.

"Ukoo mmoja," akasema, akarudi jikoni.

Mwaka wa tatu Bwana akatangaza kwamba anarudi kwao. Vitabu vingekwenda kwenye maktaba ya chuo kimoja huko huko Amerika, na mimi angeniandikia barua ya sifa niipeleke Dar es Salaam, ambako maktaba ya serikali ilikuwa ikitafuta mtu anayejua kutunza vitabu vya zamani. Bila barua ile ningerudi kisiwani kukata boriti na kaka zangu. Sidharau boriti. Lakini nilishakata, na mgongo wangu ulikuwa na kumbukumbu nzuri. Kwa miezi ile ya mwisho nilikuwa naiota barua hiyo macho wazi.

Ndipo baba akaja kunitembelea. Alikuwa mwalimu wa chuo huko kisiwani, akifundisha watoto Kurani na kushona misahafu iliyofumuka. Ushonaji wake alijivunia kuliko alivyojivunia sisi wanawe. Nilimtembeza chumba kile nikimweleza sheria, akafurahi, kwa sababu zote zilikuwa ndizo zake za misahafu. Akavigeuza vitabu, akakagua mishono. "Huyu alikuwa na haraka," akasema juu ya fundi aliyekufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Kisha akaona bati la biskuti. Ndani yake kilikaa kitabu kidogo kuliko vyote, ambacho Bwana alikipenda kuliko vyote. Kilikuwa kimeandikwa na mtu mmoja aliyenusurika kipupwe cha kwanza huko. Jalada lilishatoka, uzi umeoza, kurasa zinamomonyoka zikiguswa. Bwana alisema kisiguswe mpaka kifike kwa fundi wa ng'ambo. Baba akataka nimsomee mwanzo wake. Nikamfasiria: mwandishi anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwavusha salama.

"Basi mna jina la Mungu humu," baba akasema.

"Mna, baba."

"Ndani ya bati la biskuti."

Nikamwambia Wazungu wana taratibu zao. Akalifunga bati, na mimi nikadhani yamekwisha.

Bwana alikuwa Dar es Salaam kwa daktari wa macho. Mimi nikaenda Utete kufuatilia makasha ya kusafirishia vitabu, nikalala huko siku moja. Niliporudi, baba alinipokea barazani, amekoga, amevaa kanzu safi, ana furaha ya mtu aliyefanya jema. Kitabu amekizika.

Huko kwetu visiwani, msahafu ukichakaa usisomeke tena hautupwi wala hauchomwi jikoni. Maji ya bamvua, bahari ikijaa kupita kiasi, hufika kila mahali, kwa hiyo hufungwa jiwe na kuzamishwa kwenye mkondo wenye kina. Bara, huzikwa pasipopitwa na miguu. Baba hakuona mkondo Kibiti, akachagua kuzika, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa umbali ule wa mto. Alikuwa amenunua kitambaa cha bafta kwa pesa yake, akakifunga mara tatu, akakiombea, akakilaza nyuma ya nyumba karibu na ua. Juu akapanga mawe, akafagia pembeni.

Nilichukua jembe. Baba akaja, akaketi kando ya yale mawe, akatoa tasbihi.

"Wataka kufukua?" akauliza.

Nilisimama na jembe langu, nikaona wazi kwamba nikifukua namwambia baba yangu, kwenye uwanja wa Mzungu, kwamba dini yake ni ujinga. Nikalirudisha jembe ghalani. Nilijiambia nitapata njia nyingine kabla Bwana hajarudi. Sikupata, na Bwana akarudi kesho yake kabla ya adhuhuri.

Hata kofia hakuvua. Alikwenda moja kwa moja kwenye bati, akalifungua, akaniita. Nikamwambia ni mchwa.

Akalitazama bati. Akalipiga kwa ukucha, likalia. "Mchwa hawa," akasema kwa Kiswahili chake cha serikali, "walikula kitabu chote, kisha wakafunga mfuniko?"

Nilisema huenda kilibaki wazi kidogo. Sikuwa na uzoefu wa kudanganya juu ya vitabu, na ilionekana. Lakini Bwana alikuwa amechoka na macho yake yamefungwa kitambaa upande mmoja, na nilimwona anaanza kuniamini, kwa sababu kwa miaka mitatu sikuwahi kumpa sababu ya kutoniamini. Barua yangu ilikuwa bado hai.

Baba akaingia kutoka barazani. Hakuwahi kuzungumza na Bwana zaidi ya salamu.

"Bwana mkubwa, mwanangu asema uongo. Mchwa hawana kosa. Nimekizika mimi."

Bwana akauliza kwa nini, kwa sauti ndogo sana.

"Kilikuwa kimekufa, na kina jina la Mungu. Wewe wangoja nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuona aibu kwa ajili ya uongo wangu, bado. Niliona aibu kwa ajili ya baba: kanzu yake, miguu yake mitupu juu ya zulia, uhakika wake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Bwana akaomba apelekwe. Wakatoka wawili, mimi nyuma yao. Mbele ya yale mawe Bwana alivua kofia, sijui kwa heshima au kwa joto. Akauliza kama anaruhusiwa kufukua.

"Wewe ndiye mfiwa," baba akasema. "Ukitaka, mimi sina neno."

Nililileta jembe tena. Mchwa walikuwa wameshafika upande mmoja, wamekula pembe nzima na theluthi ya kurasa. Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa umetimia kwa sehemu, jambo ambalo halikunisaidia. Bwana alizipokea zilizobaki kwa mikono miwili, na baba akamwambia "pole" kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa, naye akaitikia "nimeshapoa." Kisha akamwuliza baba kama anaweza kushona.

Baba alishona siku tatu, kwa uzi wa pamba na ngozi ya mbuzi, Bwana amekaa karibu yake akimpimia uzi. Walizungumza sana. Mimi nilifunga makasha.

Barua niliipata. Ilisifu usafi wangu, mikono yangu, jicho langu la kuona mdudu kabla hajala. Baadaye, nilipokaa maktabani, nilizisoma barua nyingi za namna hiyo, na zote zilikuwa na mstari unaosema mchukuzi wake ni mtu mkweli. Yangu haikuwa nao. Kazi walinipa hivyo hivyo.

Siku aliyoondoka baba nilimsindikiza hadi kwenye lori. Aliweka mzigo wake juu, akageuka.

"Siku ile nilikusikia kutoka barazani. Ulinionea aibu, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, nilitaka kumkinga asije akapelekwa boma. Ilikuwa sababu nzuri. Niliipata pale pale, wakati naisema.

"Haya, mwanangu," baba akasema, akapanda.

Niliishi Dar es Salaam miaka mingi, na baba alikuja mjini mara nyingi, kwa ndugu, kwa arusi, kwa hospitali. Kila mara nilimkaribisha maktabani aone vitabu ninavyovitunza. Kila mara alishukuru, akaniuliza habari za watoto, na maktabani hakufika.