Mtoto Niliyemwosha Uso Ediofe

Mimi si mtu wa mpira. Mume wangu ndiye wa mpira. Ana jezi tatu na bendera moja kubwa, na siku timu yao ikifungwa, hali chakula, anakaa anaitazama sahani kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa golini. Kwa hiyo klabu ilipotangaza Siku ya Familia, kwamba kila shabiki aje na mke na watoto, nilimwambia aende peke yake. Nina nguo za kufua, nilisema.

"Sasa familia gani inakuja mutu moja?" akaniuliza.

Hapo alinishinda. Nikamwogesha binti yetu, nikampaka mafuta, tukaenda. Binti yetu ndiye mtoto pekee tuliye naye. Wakati huo alikuwa amebakiza miezi michache atimize miaka minne.

Langoni mwa uwanja walifanya mambo mawili, na mpaka leo sijayasahau. La kwanza, kila mtoto mdogo alivalishwa jezi. Zote zilishonwa na fundi mmoja, kwa kipimo kimoja, bila namba mgongoni, zikafika magotini kama magauni. La pili, kulikuwa na benchi na vijana wa klabu wenye makopo ya rangi. Uso wa kila mtoto ulipakwa kijani upande huu, nyeupe upande huu, na mpira mweusi juu ya pua. Vichwa vyote vipara, maana shule za chekechea za huku hunyoa wote, wasichana kwa wavulana. Nilicheka. Nilipiga picha. Nilisema, jamani, angalia timu nzima ya vyura.

Tawi la klabu la Koboko, mji wa mbali kidogo na kwetu Arua, lilikuja na lori. Niliwaona wakiingia na ngoma yao, watu wazima wamesimama pembeni kama uzio, watoto katikati. Mwanamume mmoja mwenye daftari aliwashusha watoto mmoja mmoja akiwahesabu kwa sauti, mpaka kumi na tisa. Nikasema moyoni, angalau hawa wana utaratibu.

Ukweli ni kwamba nilifurahi siku ile. Tulikula pilau. Watoto walikimbia mbio za magunia. Saa nane binti yangu alianza kusinzia, nikampeleka kwenye mkeka. Kwetu, kwenye shughuli yoyote kubwa, iwe arusi au matanga, watoto wakishikwa na usingizi hulazwa pamoja kwenye mkeka mmoja, na mama mmoja mtu mzima hubaki nao. Hakuna anayeona ajabu. Mimi mwenyewe nililelewa kwenye mikeka ya namna hiyo. Chini ya turubai kulikuwa na bibi mmoja, ameketi na tawi la mti anafukuza nzi. Nikamlaza binti yangu mwisho wa mkeka, nikaenda kuvuta kamba.

Wake za mashabiki wa Arua dhidi ya wake za mashabiki wa Koboko. Tuliwaburuta! Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, na tulipowaangusha nilipiga vigelegele kuliko wote, mimi ambaye si mtu wa mpira. Mama mmoja wa Koboko aliinuka na vumbi mdomoni akasema, "Nyinyi watu ya Arua munakula nini?" Nikamjibu, "Tunakula Koboko." Watu wakacheka.

Kisha upepo ukaja, mawingu yakakaa vibaya upande wa Congo, na mtangazaji akaanza kupiga kelele kwenye spika: mvua, mvua, kila mutu achukue mali yake. Watu wote wakakimbia kwa pamoja. Mume wangu akaniambia nitangulie na mtoto, yeye anabaki kufungua maturubai. Nilipofika kwenye mkeka baadhi ya watoto walikuwa wameshachukuliwa, na waliobaki walikuwa wamesogea huku na huku, wengine wamefunikwa bendera. Nikainama nikachukua wangu.

Yule bibi akanishika mkono. "Huyu iko yako?"

"Sasa bibi, mimi sijui mtoto yangu?"

Nilimjibu hivyo, na kwa sauti ya kuudhika. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kichwa chake kikalala shingoni mwangu, nikapanda boda hadi kwetu Ediofe.

Mvua haikunyesha hata tone.

Nyumbani nilimlaza kwenye kochi, bado amelala, nikatia maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Rangi ile haikutoka kwa maji. Haikutoka kwa sabuni. Ilinibidi nichukue mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, nikaanza na upande mweupe. Rangi ikaachia polepole, na chini yake, kwenye shavu, nikaona kovu. Kovu dogo la zamani, limekwisha pona.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, nani amemwumiza mtoto wangu? Kovu la zamani! Akili yangu iliona heri kukubali kwamba mtoto ameumia na kupona katika saa moja, kuliko kukubali lile jingine.

Akafungua macho. Akanitazama. Akapiga ukelele ambao majirani waliusikia, kisha akaanza kulia kwa Kikakwa, lugha ya watu wa Koboko. Mimi Kikakwa sijui. Binti yangu naye hajui hata neno moja.

Na mimi niliendelea kupangusa. Hili sijawahi kumwambia mume wangu. Nilimshika kidevu nikapangusa kwa nguvu, mtoto wa watu analia, kwa sababu kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinasema rangi ikiisha kabisa, chini yake nitamkuta wangu. Niliacha tu pale kitambaa kilipoanguka. Nikakaa chini sakafuni.

Nikapiga simu. "Nenda kwenye mkeka," nikamwambia mume wangu.

"Mkeka gani? Tumeshakunja."

"Watoto wako wapi?"

"Watoto wameenda na mama zao. Kuna nini?"

"Huyu niliye naye si wetu."

Nyuma yake nilisikia nyundo ikigonga vyuma vya turubai. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa, "Si wetu namna gani?"

Alifika na pikipiki ya kuazima. Alimtazama yule mtoto, uso nusu kijani nusu wake, akashika kichwa. Tayari alikuwa ameuzunguka uwanja wote, chooni, chini ya jukwaa, nyuma ya masufuria. Hakuna mtoto. Yule bibi alikuwa amekwenda kwake. Mtoto huyu analia Kikakwa, kwa hiyo ni wa Koboko, na lori la Koboko lilikuwa limeondoka kitambo. Akampigia yule mwenye daftari, akaweka simu kwa sauti ya juu nisikie.

"Hapana, ndugu," yule mtu akasema. "Sisi tulienda na watoto kumi na tisa, tumerudi na kumi na tisa. Hakuna mutu imepotea."

"Hesabu iko sawa, lakini moja si ya kwenu. Ya kwenu iko hapa kwangu."

"Sasa kama ni moja kwa moja, shida iko wapi?" Alikuwa hajali hata kidogo. "Lala na huyo. Kesho kuna mutu yetu anakuja soko ya Arua, tunabadilishana."

Nyuma yake mtu mwingine akadakia, "Kama jezi!" na wakacheka.

Nikamnyang'anya simu. "Wewe! Unanisikia? Mtoto si jezi. Simamisha hiyo lori!"

"Mama, lori imefika zamani. Tuko Koboko."

"Angalia hapo. Kuna mtoto analia?"

"Wote wanalia, mama," akasema, na simu ikakatika.

Tukapanda pikipiki, mume wangu mbele, mtoto katikati, mimi nyuma. Nilikuwa sijui kama wangu yuko kweli kwenye lile lori. Hilo ndilo lililonitafuna njia nzima. Kumi na tisa ilikuwa hesabu tu, haikusema ni nani. Nilikuwa na hakika ya mtoto mmoja tu, huyu aliyebanwa kifuani mwangu, na huyu hakuwa wa kwangu. Nilimpa ndizi akaitupa. Tulipopita Maracha alichoka kulia akaniegemea, na mkono wangu ukamzungushia wenyewe asianguke. Malori ya Juba yalitupita yakitutikisa.

Nililaani kila mtu kwa sauti. Nililaani klabu, fundi wa jezi, vijana wa rangi, mwenye daftari, hata fomu ya kujiandikisha, maana ilikuwa na nafasi ya namba ya kadi ya baba lakini haina nafasi ya jina la mtoto. Mume wangu alivumilia vumilia, mwisho akageuza shingo kidogo.

"Lakini aliyembeba ni wewe."

Kama si mtoto katikati yetu ningemsukuma aanguke barabarani, wallahi, na mimi ni Mkatoliki.

Tulifika Koboko jua bado halijazama. Tawi lao linakutana kwenye banda la kuonyeshea mpira, na pale nje watu walikuwa wamejaa kama timu imefungwa. Nilimwona mtoto wangu kabla pikipiki haijasimama. Uso bado una rangi, michirizi ya machozi imekata kijani kuanzia jichoni mpaka kidevuni. Nilimjua papo hapo, kwa umbali huo. Sasa nilimjua!

Alikuwa kiunoni mwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Alikuwa ametoka kijijini kwao Lobule kumpokea mtoto wake. Yeye hakwenda Arua, alikuwa na karanga za kuvuna, akamkabidhi mtoto kwa jirani, na jirani akamkabidhi kwa lori. Mambo yake niliambiwa baadaye na mama mmoja pale. Alipopewa mtoto, na rangi yake, na jezi yake, na kichwa chake cha kipara, alisema kabla miguu ya mtoto haijagusa chini: huyu si wangu. Mwenye daftari akamwambia atazame vizuri. Akamwonyesha ukurasa. Kumi na tisa, mama, ona. Naye akamjibu, "Kwani kitabu yako ndiyo ilizaa?"

Hakutukimbilia. Alikuja taratibu mpaka kwenye pikipiki, akamnyakua wake kwa mkono mmoja, akamnusa shingoni, akatazama lile shavu nililolipangusa mpaka likawa jekundu. Mtoto akamng'ang'ania. Lakini wangu hakumwachia. Alisimama pale na watoto wawili, mmoja kila upande wa kiuno, na mimi nimenyoosha mikono kama ombaomba.

"Nani alichukua mtoto yangu?" akauliza.

Wanaume wote walijibu kwa pamoja. Mwenye daftari alisema ni yule bibi wa mkekani, wazee wa kike hawaoni vizuri. Mume wangu akasema, "Pole sana, dada, ni kosa la klabu." Mwingine akasema ni upepo. Nafasi ya kujificha ilikuwa pana, na nyote mliowahi kukosea mnaijua nafasi hiyo. Nikakumbuka yule bibi alivyonishika mkono.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimbeba mwenyewe."

Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe hujui mtoto yako?"

"Ni ile rangi."

"Na huyu si alikuwa na rangi?" akasema, akiinua kiuno kilichombeba wangu. "Mimi nilijuaje?"

Nilingoja mtu aseme jambo, aseme hata mpira. Hakuna. Ndipo aliponipa mtoto wangu. Hakumtupa wala hakunibembeleza, alinikabidhi tu, akamweka wake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaondoka bila kumuaga mtu yeyote. Kitenge chake kilikuwa na majani makavu ya karanga.

Nilimkumbatia binti yangu mpaka akasema namuumiza. Hakulia. Alikuwa ameshalia kwenye lori, niliambiwa, anaita mama njia nzima, na wanawake wa lori wakimwambia nyamaza, mama yako anakungoja nyumbani. Mtoto akiita mama, utajuaje ni wa wapi?

Akanisukuma kidogo ili anione usoni.

"Nilikuita," akasema, kwa Kilugbara chetu cha nyumbani. "Ulibeba mtoto mwingine. Nikakuita, ukapanda boda."

"Sikukusikia, mama. Spika ilikuwa na kelele."

"Nilipiga kelele na mimi."

Mume wangu alikuwa amewasha pikipiki. Mwenye daftari alikuwa anamweleza kwamba mwakani watapaka rangi mikononi tu. Nikapanda nyuma, nikamnyooshea mikono binti yangu akae kati yetu, kifuani mwangu. Akatikisa kichwa. Akazunguka pikipiki kwa miguu yake mwenyewe, jezi ikimpigapiga magotini, akataka kupandishwa mbele, kwenye tangi, kwa baba yake.