Mlango wa Mdiria

Mfinyanzi yule alikuwa mama wa watu asiye na makuu, ila kwenye udongo alikuwa mchaguzi kama bibi harusi dukani kwa vitambaa. Alichimba ukingo mmoja tu wa kijito, nyuma ya nyumba yake, penye udongo mwekundu, laini, usiopasuka motoni. Na kila akichimba alimtazama jirani yake mdiria, ndege wa bluu mwenye mdomo mrefu, akijitosa majini na kuibuka na samaki. Mitungi yake mingi ilibeba picha ya ndege huyo.

Asubuhi hiyo jembe lilizama kuliko alivyotaka. Pande zima la ukingo likaporomoka, na shimoni wakaonekana makinda wa mdiria, uchi, midomo wazi, wakilia.

"Ee Mola wangu, nimebomoa nyumba ya mtu!"

Wifi yake, aliyekuja kumsaidia kubeba, akashika kiuno. "Wifi, kwani hodi ulipiga?"

"Usinichekeshe, nitalia."

Akafanya anachokijua. Akakanda udongo, akalifunika shimo kwa bamba kama anayeziba ufa wa mtungi, akafinyanga na mlango mpya wa mviringo. Kisha akausugua kwa kokoto yake ya kung'arishia mitungi mpaka ukameremeta. Wakajificha kwenye matete.

Mdiria akaja na samaki mdomoni. Akatua mlangoni, akateleza. Akarudi, akateleza tena, akaruka zake ng'ambo. Ndani sauti za makinda zikaanza kufifia.

"Umemwekea sakafu ya hoteli," wifi akanong'ona.

Mfinyanzi akaitazama kokoto mkononi mwake. "Mimi na mazoea yangu! Nimemfinyangia mtungi, mwenzangu anataka ukuta."

Akaokota gunzi la mahindi, akaukwaruza mlango kabla haujakauka, midomo ikiomba dua kimyakimya.

Safari hii kucha zilishika. Ndege akaingia. Alipotoka, samaki hana.

Wifi akapangusa macho, akisingizia vumbi. "Haya, na udongo utachimba wapi sasa?"

"Kule bondeni."

"Mbali kote kule? Tena una mchanga!"

"Nitauchekecha. Na wewe utanisaidia kubeba."

"Nilijua tu!"

Mitungi ya msimu ule ilitoka mizito kidogo, na shingoni, pale alipozoea kung'arisha, ikiwa na mikwaruzo ya gunzi. Wateja humsifu kwamba hata mkono ukiwa na maji haiponyoki.

"Mshukuruni Mungu," huwajibu, "na yule wa kijitoni."