Adabu Mbili za Maji

Harufu ya udongo uliolowa chini ya migomba ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi kwao mama, huko Mitunguu. Maji ya kunyunyizia mashamba yalipita karibu na nyumba, nasi watoto tuliyachezea bila kukemewa. Nilipofikisha miaka tisa, baba akanipeleka Kiambere likizo ya Agosti, kwa mamake, niwajue watu wa upande wake. Nilitamani sana cucu huyo, nyanya yangu, anikubali. Siku ya kwanza niliona mtungi umejaa, nikaosha vumbi miguuni hadi ukabaki nusu. Hakunichapa. Alinitazama tu, kisha akamwambia shangazi, "Huyu ni wa mamake." Maneno hayo yalinichoma. Bwawa la umeme tuliliona likimetameta kule chini, lakini maji yetu yaliletwa na punda, aliyetoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali.

Likizo nzima sikutulia. Nilijifunza kunawa kwa kikombe kimoja na kuwawekea kuku maji yaliyooshewa mboga. Nikawa nalichungulia pipa la maji kila mara, hata pasipo kutumwa. Siku ya kuondoka cucu alinishika kichwa akasema, "Sasa umekuwa mtu wetu." Nilirudi Mitunguu nikijiona mkubwa. Jumapili hiyo ilikuwa zamu yetu ya maji, na mjomba alikuwa ameyafungulia migomba michanga kabla ya kwenda kanisani. Nikayakuta yamefurika hadi njiani. Nikakimbia kufunga koki. Aliporudi, zamu ilikuwa imepita kwa jirani, na nusu ya shamba ingekaa kavu wiki nzima. "Hizo ni akili za Kiambere," mjomba akasema, na mama hakunitetea. Nililia nyuma ya jikoni, kwa kuwa sikujua tena ningependwaje huku bila kuchukiwa kule.

Siku hizi bomba limefika Kiambere, na binamu zangu huliacha likitiririka huku wakipiga gumzo. Mimi ndiye huinuka kulifunga. "Wacha tu, keti, wewe ni mgeni," huniambia kwa upole. Basi mimi huketi, lakini masikio yangu hayatoki kwenye yale maji. Inaniuma. Nilijitesa kuwa mtu wa hapa, na waliozaliwa hapa wameshaacha kuwa hivyo.