Nilivyoupa Mto Mgongo

Kila Noeli, tangu nianze kazi ya picha hapa Kamembe, nimeipiga familia picha mbele ya nyumba ya mama yetu, Maman, kwenye mteremko kando ya mto Rusizi. Aliporudi Rwanda alikataa viwanja vyote vya juu, Gihundwe. Alitaka kila akiamka auone mji aliotuzalia, Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto. Basi wao hujipanga barazani, nami hurudi kinyumenyume kuelekea mtoni mpaka watu wote na paa viingie kwenye picha.

Mwanzoni nilirudi hatua kumi na mbili. Baadaye nikawa sina pa kusimama. Nikasema, tumeongezeka bwana: wakwe, wajukuu, vitoto vya mgongoni. Nikanunua lenzi pana. Miaka ikapita, nikanunua pana zaidi, na nikaringa nayo mtaa mzima. Fundi!

Noeli iliyopita nikarudi nyuma, jicho kwenye aparei ya picha. Hatua ya nne, kisigino kikakanyaga hewa.

"Weye! Mto utakubeba!" Maman akapiga kelele.

Nikaanguka kwa magoti, nikashika nyasi, nikageuka. Yezu wangu! Udongo umekatika wima, maji yanachemka chini yangu. Mpapai hakuna. Pa kuanikia nguo hakuna. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Kumbe si familia iliyokuwa imeongezeka, uwanja ndio uliokuwa unaisha, na mimi nabadilisha lenzi tu. Kweli mganga hajigangi.

"Maman, leo unahama," nikasema kwa ukali, ingawa hasira ilikuwa yangu na mimi. Nilijua atagoma.

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nangojea mumoja wenu aone."

Nikaingia chumbani kwake, cha upande wa mto, nimfungie nguo. Hamna kitanda. Ukutani kuna ufa unaopitisha mkono. Godoro lake nililikuta jikoni, nyuma ya nyumba, kati ya makaa na gunia la maharage. Nikamgeukia, amenifuata hadi mlangoni.

"Maman, unalala huku tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Usiku nasikia udongo unaanguka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akaniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Noeli yenye ilipita mwaka jana nilikuambia, mwanangu. Ulikuwa na aparei ku macho. Ukanijibu: Maman, nyamaza kwanza, utaharibu picha."